Gemu ikijirudisha mwanzo na rangi za ajabu, usisevu kwanza

Hebu jiweke hapa. Ni saa tano usiku, umejifunika blanketi, mkononi una Game Boy Color. Au basi una simu yenye emyuleta, maana kwa wengi wetu hiyo ndiyo Game Boy pekee tutakayowahi kumiliki. Unacheza Pokémon Gold. Umefika Goldenrod, ule mji mkubwa wenye supamaketi ya ghorofa na ukumbi wa kamari. Unafungua begi, unabonyeza Coin Case uone una sarafu ngapi.

Skrini inakatika. Kufumba na kufumbua, gemu imerudi mwanzo kabisa, kana kwamba ndiyo kwanza umeiwasha. Sawa, hilo limeshawahi kukupata. Lakini ngoja kidogo. Mbona maandishi yamegeuka zambarau? Mbona ngozi ya mhusika wako ni ya kijani, na nyasi zina rangi ya ukuta wa chumba ulichokuwa dakika moja iliyopita?

Kwanza, tulia. Kaseti yako haina jini. Intaneti imejaa hadithi za kaseti zenye mzimu, na nyingine zimeandikwa vizuri hadi unaogopa kwenda msalani usiku. Ukweli wa jambo hili ni mtamu kuliko hizo hadithi: mashine yako imesahau yenyewe ni nani.

Hiyo si mafumbo ya mshairi. Ndivyo inavyotokea.

Pokémon Gold na Silver zilitoka Japani mwaka wa 1999, na zilitengenezwa zicheze kwenye mashine za aina mbili. Kuna Game Boy ya zamani, ile ya kijivu ya 1989, ambayo skrini yake inajua vivuli vinne tu, kutoka hafifu hadi kizito. Halafu kuna Game Boy Color ya 1998, yenye rangi kamili. Kaseti ni ileile. Kwa hivyo kitu cha kwanza kabisa ambacho gemu inafanya ikiamka ni kuuliza: leo nimechomekwa wapi?

Jibu linatoka mahali usipopatarajia. Ukiwasha mashine, kabla gemu haijagusa chochote, kuna programu ndogo iliyochomwa kiwandani ndani ya mashine yenyewe. Hiyo ndiyo inayokuonyesha jina la Game Boy na kulia ile "ting" unayoijua. Inakagua kaseti kama ina nembo halali ya Nintendo, kisha inajizima na kuachia gemu usukani. Lakini ikiondoka, inaacha nambari moja kwenye kijisanduku cha prosesa kinachoitwa rejista A. Game Boy ya kijivu huacha 1. Game Boy Pocket huacha 255. Game Boy Color huacha 17. Gemu inachungulia pale. Ikikuta 17, inaandika kwenye kumbukumbu yake: "niko kwenye mashine ya rangi." Ikikuta nambari nyingine yoyote, inaandika kwamba haina rangi. Haiulizi tena mpaka utakapoizima.

Ni kama kuingia jengo la ofisi pale katikati ya jiji. Askari wa getini anakuandika kitabuni mara moja, anakupa beji, halafu huko juu kila mtu anaangalia beji tu. Hakuna anayekuuliza jina tena.

Sasa fikiria umeingia kupitia dirisha la nyuma.

Hivyo ndivyo hitilafu inavyofanya. Gemu inapochanganyikiwa na kuanza kutekeleza maagizo yasiyo yake, mara nyingi huganda tu, na hapo stori imeisha. Lakini wakati mwingine inaangukia anwani sifuri, mwanzo kabisa wa programu, ambapo waandishi wa Gold na Silver waliweka agizo la "anza upya". Gemu inatii. Inaruka hadi mstari wake wa kwanza na kuchungulia rejista A kama kawaida. Shida ni kwamba safari hii hakuna askari aliyepita hapo. Ile programu ya kiwandani haikuamka. Kwenye A kuna nambari yoyote iliyobaki kutoka kwa hesabu ya mwisho kabla ya ajali. Kijisanduku hicho kinaweza kushika nambari 256 tofauti, na ni moja tu, 17, yenye maana ya "rangi". Zote zingine zinasema kitu kimoja: buda, uko kwenye Game Boy ya kijivu.

Kwa hivyo gemu inaamini iko 1989. Lakini skrini, vipuri vyote, viko 1998.

Hapa ndipo utamu ulipo. Labda ulitarajia picha nyeusi na nyeupe, si ndio? Gemu imeamini haina rangi, basi ichore bila rangi. Inajaribu, kweli. Inaandika vivuli vyake vinne mahali ambapo mashine ya zamani ingevisoma. Tatizo ni kwamba Game Boy Color ikiwa kwenye hali yake ya rangi haiangalii mahali hapo kabisa. Yenyewe inachukua rangi kutoka kumbukumbu maalumu yenye nafasi za paleti nane za mandhari na nane za wahusika, kila paleti ina nafasi nne. Na hiyo kumbukumbu hakuna aliyeifuta. Gemu haiigusi, kwa sababu inaamini haipo.

Kinachobaki mle ni rangi za skrini ya mwisho uliyokuwa nayo kabla ya ajali. Ulikuwa pangoni? Basi gemu mpya itavaa kahawia ya pango. Ulikuwa vitani na Pokémon wa waridi? Menyu yako itakuwa ya waridi. Ni nguo za jana kwa mwili wa leo. Hata ile skrini kufifia unapoingia nyumba inakosekana au inakwenda kombo, maana gemu inafifisha vile vivuli vyake vya kizamani ambavyo hakuna anayevitazama. Inabonyeza swichi ya taa iliyokatwa waya.

Na ndiyo sababu ukianza upya kwa makusudi, kwa kubonyeza A, B, Start na Select kwa pamoja, haya hayatokei. Ile njia nayo haipiti kwa askari, lakini gemu inaijua. Inafuta kumbukumbu yake na kubakiza kile kijikaratasi kinachosema iko kwenye mashine gani. Waliokiandika walifikiria mapema. Walichoshindwa kufikiria ni dirisha la nyuma, na siwalaumu. Nani hupanga ajali?

Turudi kwa ile Coin Case, maana hiyo ni ajali maarufu na inastahili heshima yake. Kwenye matoleo ya Kiingereza ya Gold na Silver, ile sentensi fupi inayokuambia una sarafu ngapi ilimalizwa na alama isiyofaa. Ni kosa la herufi moja, aina ya kosa unalofanya ukiandika ujumbe ukiwa kwenye matatu. Kwa sababu hiyo, gemu haijui isimame wapi. Inaendelea hadi kwenye sehemu ya kumbukumbu inayoshughulikia sauti na kuanza kusoma muziki kana kwamba ni maagizo. Mara nyingi hakuna linaloonekana, ndiyo maana mamilioni ya watu walibonyeza Coin Case bila kujua chochote. Lakini kinachosomwa pale kinategemea sauti iliyopigwa karibuni, ikiwemo mlio wa Pokémon uliyemsikia mwisho. Mlio mmoja hauna neno. Mwingine unagandisha. Mwingine unakutupa mwanzo na rangi za ajabu. Wachezaji wakali waligeuza kosa hili kuwa mlango: wanapanga vitu kwenye kumbukumbu kimakusudi ili gemu itekeleze wanachotaka wao. Herufi moja tu, na watu wamepata shule nzima ya programu humo.

Pokémon Crystal, iliyofuata, haikuja na kosa hilo la Coin Case. Lakini ina kioja chake. Crystal haichezi kwenye Game Boy ya kijivu hata kidogo. Ukiichomeka huko inakuonyesha ujumbe kwamba kaseti hii ni ya Game Boy Color pekee, na inakataa kuendelea. Sasa, Crystal ikianguka na kurudi mwanzo kupitia dirisha la nyuma, inachungulia A, inakosa 17, na inakuonyesha ujumbe huohuo. Yaani umeshika Game Boy Color mkononi, na gemu inakwambia ukatafute Game Boy Color. Mimi nilicheka hadi nikakohoa.

Basi, ufanye nini yakikukuta?

Sikiliza kwanza. Kama gemu imerudi mwanzo bila ile "ting" na bila jina la Game Boy kujitokeza, ujue mashine haijawaka upya. Ni gemu tu iliyojirusha. Hiyo peke yake inakueleza rangi zimetoka wapi.

Kisha zima. Zima kwa swichi, hesabu hadi tano, washa. Usiogope kupoteza kitu kwa kuzima: chochote ulichofanya tangu ulipoisevu mara ya mwisho kilishakwenda gemu iliporudi mwanzo. Kilichosevuliwa kinakaa kwenye kumbukumbu tofauti ndani ya kaseti, inayolindwa na betri ndogo, na kwa kawaida mlango wake hufungwa. Gemu huufungua inapohitaji tu. Gold na Silver pia huweka nakala ya akiba ya faili lako. Ukiwasha, kabla hujaingia, soma pale kwenye Continue: jina lako, idadi ya beji, saa ulizocheza. Zikiwa sawa, endelea. Zikiwa za kustaajabisha, usisevu juu yake.

Kwa nini nisisitize kusevu? Kwa sababu hujui ni maagizo gani yalitekelezwa katika ile nusu sekunde kabla ya skrini kukatika. Rangi zenyewe hazidhuru chochote. Ni dalili tu kwamba kuna kitu kilipita mahali ambapo hakikupaswa kupita.

Kwa wale wa simu, kuna mtego mbaya zaidi, na nauelezea kwa uchungu. Emyuleta ina kusevu kwa aina mbili. Kuna kule kwa ndani ya gemu, kwenye menyu ya Save, na kuna ile batani ya emyuleta yenyewe inayopiga picha ya mashine nzima: kumbukumbu, rejista, paleti, kila kitu kama kilivyo sekunde hiyo. Ya pili ni rahisi, na inakufanya mvivu. Mimi nilikuwa nimecheza wiki kadhaa nikitumia hiyo tu, nafasi moja, namba moja, kila siku juu ya jana. Ile Save ya ndani ya gemu nilikuwa nimeiacha tangu beji ya pili.

Siku rangi zilipogeuka, nilisisimka. Nilitaka kuwaonyesha mbogi yangu asubuhi. Nikabonyeza batani ya kusevu ya emyuleta, nafasi namba moja, bila kuwaza.

Ukiipakia, paleti mbovu inarudi, na kile kijikaratasi kinachosema "hakuna rangi" kinarudi pia, kwa sababu picha imebeba vyote. Hilo lingekuwa sawa. Lakini picha ile ilipigwa kwenye ukurasa wa mwanzo, na ilikalia nafasi iliyokuwa na beji zangu saba.

Faili hilo bado liko kwenye simu. Nikilifungua, Ho-Oh anapaa kwenye anga la waridi, muziki unapiga, na chini ya Continue kuna mtu mwenye beji mbili.