Marta wa Brazil: Mpira Kama Kazi ya Mwanamke

Wazazi wengi huuliza: je, mpira wa miguu unaweza kumlisha msichana? Jibu ni ndiyo, lakini kipaji peke yake hakitoshi. Hebu tuangalie maisha ya Marta Vieira da Silva wa Brazil, ambaye wengi humhesabu kuwa mchezaji bora kuliko wanawake wote waliowahi kucheza mpira, na ambaye hata hivyo alifungiwa mlango wa kazi mara nyingi.

Marta alizaliwa tarehe 19 Februari 1986 huko Dois Riachos, mji mdogo wa jimbo la Alagoas, kaskazini-mashariki mwa Brazil. Ni upande wa ukame, mvua ni ya kubahatisha. Baba yake aliondoka Marta akiwa bado mdogo sana, na mama yao, Tereza, akabaki na watoto wanne na kazi ya kutwa. Marta alicheza na wavulana kwa sababu hapakuwa na timu ya wasichana. Na si ajabu kwamba haikuwepo. Tangu mwaka 1941 sheria ya Brazil iliwakataza wanawake michezo iliyosemekana ati haipatani na maumbile yao, mpira ukiwa mmojawapo. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1979, na kanuni za kuruhusu mpira wa wanawake zikatoka 1983, miaka mitatu tu kabla Marta hajazaliwa. Sheria ilikuwa imefutwa, lakini midomo ya watu ilikuwa bado. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi alivyotolewa kwenye mashindano ya wavulana kwa sababu tu ni msichana.

Mwaka 2000, akiwa na miaka 14, alipanda basi akasafiri siku tatu hadi Rio de Janeiro kujaribiwa na klabu ya Vasco da Gama. Alikubaliwa. Mwaka 2004 akaitwa na Umeå IK ya Uswidi, mji wa kaskazini wenye theluji, yeye mtoto wa nchi ya jua kali. Mwaka huo huo walitwaa kombe la vilabu vya wanawake Ulaya, kisha ligi ya Uswidi mara nne mfululizo, 2005 hadi 2008. FIFA ikamchagua mchezaji bora wa kike duniani mara tano mfululizo, 2006 hadi 2010, na tena mwaka 2018.

Sasa hapa ndipo vikundi vyetu vitege sikio. Mchezaji wa kulipwa anaishi kwa kandarasi. Klabu inamlipa mshahara kwa muda waliopatana, na kampuni nazo humlipa ili avae viatu vyao au atangaze bidhaa zao. Klabu yenyewe inapata pesa kwa tiketi, televisheni na wadhamini. Katika mpira wa wanawake wa miaka ile, tiketi na televisheni zilileta kidogo, kwa hiyo mzigo ulibebwa na tajiri mwenye timu. Si mnajua jinsi mashine ya kusaga inavyoota kutu mfadhili mmoja akiondoka? Ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 2009 Marta alienda Marekani kuchezea Los Angeles Sol. Januari 2010 timu hiyo ikafungwa. Akahamia FC Gold Pride, wakawa mabingwa mwaka 2010, na mwaka huo huo hata mabingwa hao wakavunjwa. Mwaka 2011 alikuwa Western New York Flash, wakatwaa ubingwa tena. Mwaka uliofuata ligi nzima ikasimama. Akarudi Uswidi kwa klabu ya Tyresö, iliyochukua ligi mwaka 2012. Mei 2014 walifika fainali ya Ulaya mjini Lisbon, Marta akafunga mabao mawili, lakini wakashindwa 4-3 na Wolfsburg ya Ujerumani. Wakati huo klabu ilikuwa tayari imezama kwa madeni. Mwezi uliofuata ikajitoa kwenye ligi.

Tazameni vizuri: timu hizi hazikuanguka kwa kukosa ushindi. Zilikuwa zinatumia pesa ambazo hazikuwa zinaingia.

Viatu navyo vina hadithi yake. Kwenye Kombe la Dunia la 2019 huko Ufaransa, Marta alikataa kandarasi ya viatu aliyoona ni ndogo mno ukilinganisha na wanaume. Akavaa viatu vyeusi visivyo na jina la kampuni, vimechorwa alama ya usawa, na alipofunga dhidi ya Australia akanyosha kidole kuonyesha kiatu. Alimaliza mashindano yale na jumla ya mabao 17 ya Kombe la Dunia, akimpita Miroslav Klose wa Ujerumani mwenye 16.

Ni nini kimebadilika? Wachezaji wenyewe walikaa pamoja. Katika ligi mpya ya Marekani iliyoanza 2013, mshahara wa chini ulikuwa dola 6,000 kwa msimu, pesa ambazo huko hazilipi hata nyumba. Wakaunda chama chao, na mapatano ya kwanza waliyofikia na ligi mwaka 2022 yakaweka kima cha chini kuwa dola 35,000. Mapatano ya 2024 yakaongeza kwamba mchezaji hauzwi kwa timu nyingine bila idhini yake, na kandarasi zote zina dhamana.

Kwa hiyo msichana wa kwenu akiitwa na klabu, mama na baba waulize kabla ya kutia sahihi: Nani analipa, na pesa zake zinatoka wapi? Akivunjika mguu, nani anatibu? Timu ikifungwa katikati ya msimu, nauli ya kumrudisha nyumbani iko kwa nani? Yote yaandikwe.

Marta yuko Orlando Pride tangu 2017, na alingoja miaka saba kupata ubingwa huko. Uliwajia Novemba 2024, kwa bao la Barbra Banda, binti wa Zambia. Agosti 2025, akiwa na miaka 39, aliingia fainali ya Copa América dhidi ya Kolombia kama mchezaji wa akiba, akafunga mabao mawili katika sare ya 4-4, kisha akakosa penalti yake. Hata hivyo Brazil ikashinda kwa penalti, ikachukua kombe.