Sakafu ya Saruji na Umri Wake

Watu wengi hudhani kwamba sakafu ya saruji, maadamu imekwisha kukauka na kung'aa, haina haja tena ya kutazamwa. Kumbe umri wake hukadiriwa tangu siku ile ile ilipomwagwa. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka, bali kwa kushikamana na maji, na kwa sababu hiyo fundi mwenye maarifa huifunika magunia na kuyanywesha maji siku 7 kwa uchache, akijua ya kuwa nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Akiiachia jua mapema, uso wake huwa vumbi, na nyufa huwatangulia wenyeji kuhamia.

Baada ya hapo adui mkubwa ni mchanga uingiao kwa nyayo, ambao husaga niru kama tupa isagavyo chuma. Basi ufagio wa kila siku na gunia la kufutia miguu mlangoni ni nusu ya matengenezo. Maji ya ndimu, siki na dawa kali za chooni yasiachwe juu yake, kwani asidi huila saruji. Sabuni hafifu na maji safi yatosha.

Ufa uonekanapo, na upanuliwe kidogo kwa patasi, usafishwe, uloweshwe, kisha uzibwe. Lakini ufa urejeao pale pale na kuzidi kupanuka huenda ukawa dalili kwamba ardhi ya chini inatitia, wala niru haitausitiri. Wahenga walipoonya juu ya ufa na ukuta, hapana shaka sakafu nayo imo katika wasia huo.