Je, Wajua? Kuta za Wayeye Zilisomwa Kama Kitabu

Je, wajua kwamba Usukumani, nchi iliyoenea kutoka Shinyanga hadi Mwanza na Geita, palikuwa na nyumba ambazo kuta zake zilikuwa darasa? Ni nyumba za Wayeye, chama cha waganga na wachezaji wa nyoka. Mwanachama mpya alionyeshwa picha zilizochorwa ukutani, akafundishwa maana yake ya siri na nyimbo zake. Mpita njia angeona nyoka tu; aliyefundishwa alisoma somo zima.

Je, wajua kwamba rangi tatu zilitosha? Nyeupe, nyekundu na nyeusi. Nyoka, mtu, jua na mwezi vilichorwa kwa umbo lake kuu tu.

Je, wajua kwamba michoro hiyo ina kitabu chake? Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyetafiti mila kwa serikali ya Tanganyika, alikichapisha London mwaka 1953.

Je, wajua kwamba Kazimir Malevich wa Urusi alionyesha mraba mweusi mtupu kwenye turubai nyeupe mwaka 1915, ukawa mlango wa sanaa mpya ya maumbo matupu Ulaya? Lakini katika ukanda wa Ziwa Victoria, wachoraji wa kale walikuwa wamekwisha kuchora duara ndani ya duara kwa rangi nyekundu mwambani. Michoro hiyo ingalipo Nyero, Uganda, na katika kisiwa cha Mfangano, Kenya.

Je, wajua kwamba migodini leo maumbo huokoa maisha? Kwa kanuni za kimataifa, pembetatu ya njano huonya hatari, duara jekundu lenye mstari wa mshazari hukataza, duara la buluu huamuru, kama vile kuvaa kofia ngumu. Asiyejua kusoma naye huelewa, mradi amefundishwa.

Je, wajua kwamba huko Bujora, Kisesa, jirani na Mwanza, jengo la makumbusho linalohifadhi vitu vya watemi, yaani machifu wa Kisukuma, limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi? Nenda ukalione. Na kama kwenu yupo mzee anayejua maana ya alama za zamani, muulize sasa, uandike anachokueleza. Mchoro usio na mfasiri hubaki rangi tu.