Wikiendi Bukoba ukitokea Buhongwa: daraja limepunguza foleni, lakini hesabu ya siku bado ipo

Kwa mkazi wa Buhongwa, kwenda kutembea Bukoba na kurudi ndani ya wikiendi lilikuwa wazo la kuchekesha. Ulikuwa ukifika Kigongo unakuta foleni ya magari inasubiri kivuko, na saa kadhaa zinapotea kabla hujaiona hata Sengerema. Tangu Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 za Kigongo–Busisi zinavukwa kwa dakika chache tu.

Ndiyo maana wengi sasa wanaitaja milima ya Bukoba na Muleba kama sehemu ya kwenda Jumamosi na kurudi Jumapili. Hapo ndipo watu wanapojidanganya.

Daraja limeondoa foleni, halijaisogeza Bukoba. Bado ni kama kilomita 400: Usagara, Sengerema, Geita, Katoro, Chato, Muleba ndipo uingie mjini. Basi linakula sehemu kubwa ya mchana. Mwenye siku mbili akienda kwa basi na kurudi kwa basi, ataiona Bukoba jioni moja na stendi asubuhi moja. Basi tupu linahitaji siku tatu.

Njia inayookoa muda ni meli. MV New Victoria Hapa Kazi Tu, iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, husafiri usiku. Unapanda jioni Mwanza, unalala, unaamka Bukoba, na siku nzima bado unayo mkononi. Tatizo ni kwamba meli haiondoki kila siku. Kwa hiyo usiombe ruhusa kazini halafu ndiyo utafute usafiri. Ulizia kwanza ratiba bandarini, kisha chagua tarehe zako. Na kumbuka bandari iko mjini, upande tofauti kabisa na njia ya daraja. Foleni ya jioni ya kutoka Buhongwa kwenda mjini imeshawaachisha watu safari, toka nyumbani mapema.

Mpango mzuri kuliko yote pengine ni kwenda kwa meli usiku na kurudi kwa basi mchana, ili uione ile milima yenyewe. Ukiondoka Bukoba kuelekea Muleba, kaa dirisha la kushoto, upande wa mlango, maana ziwa liko huko. Faida nyingine ni kwamba basi linapita Buhongwa kabla ya kufika stendi ya Nyegezi. Mwambie kondakta mapema, akushushe mlangoni kwako.

Kwa nini kule ni kijani hivyo wakati Mwanza ni mawe na nyasi kavu miezi mingi? Jibu ni ziwa hilohilo. Upepo wa kusini mashariki unavuka Ziwa Victoria ukibeba unyevu, unafika ng'ambo ya magharibi, unakutana na milima, mvua inamwagika. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, takriban mara mbili ya Mwanza. Aprili ndiyo balaa, njia za vijijini zinakuwa tope tupu na bodaboda zinateleza. Juni hadi Agosti ni nafuu, na migomba haikauki. Mvua za kule pia hupenda kunyesha usiku na asubuhi, hivyo panga kupanda mlima mchana, asubuhi kaa kwenye kahawa.

Mengi hayahitaji kwenda mbali. Mji wenyewe, ulioanzishwa na Emin Pasha mwaka 1890 chini ya Wajerumani, umekaa kati ya ziwa na miamba, na mbele yake kinaonekana kisiwa cha Musira. Ukitoka mjini kidogo, utaona mpangilio wa Wahaya: nyumba katikati ya kibanja chenye migomba na kahawa, halafu ghafla rweya, nyasi wazi zinazopanda hadi kileleni. Picha nzuri ziko pale kibanja kinapokutana na rweya.

Kama una nafasi ya kwenda sehemu moja tu nje ya mji, nenda Katuruka, upande wa Maruku. Hapo wataalamu wa mambo ya kale, akiwemo Peter Schmidt, walichimba na kukuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za zaidi ya miaka 2,000. Wengi wanaoishi Mwanza hawajawahi hata kulisikia jina hilo. Kuongeza Karagwe kwenye safari hiyohiyo ni kujitafutia uchovu, iachie siku nyingine.

Nauli ya basi angalia ile iliyopangwa na LATRA na udai tiketi ya mtandao, hasa ukipandia njiani, maana abiria wa Buhongwa wanaosubiri barabarani ndio wanaoishia kusimama. Kata tiketi Nyegezi siku moja kabla.

Angalizo la Desemba: senene wanakuwa wengi na ndizi zipo, lakini Wahaya wa kila kona ya nchi wanarudi nyumbani kwa sikukuu. Meli zinajaa, mabasi yanajaa, na gesti ambayo Julai ungeipata kwa kugonga mlango tu inakuwa ya kuwekwa nafasi wiki kadhaa kabla.