Rimu Nyepesi kwa Gari la Spoti: Pima Kilo Kwanza, Mng'aro Baadaye

Karibu kila mwenye gari la spoti hufikiwa na siku ya kutamani kubadili rimu. Wengi hukimbilia rimu kubwa inayong'aa, wakaishia na gari zito na zembe kuliko lilivyotoka kiwandani.

Leo tunazungumzia rimu nyepesi, faida yake na mambo ya kuangalia kabla hujatoa pesa zako.

Mfano wetu ni Toyota Altezza iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1998 hadi 2005. Wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi wanaijua kwa jina hilo, wenzao wa Uingereza wanaijua kama Lexus IS200.

Kwanini wepesi una maana? Bodi ya gari inakaa juu ya springi, gurudumu haliko hivyo. Likiruka kwenye shimo, springi na shokomzoba ndizo zinazolirudisha chini. Likiwa jepesi linarudi haraka na tairi linaendelea kushika barabara.

Tena gurudumu linazunguka. Injini inalisukuma mbele na wakati huo huo inalizungusha, hivyo uzito ulioko ukingoni kabisa huhesabika karibu mara mbili gari linapoongeza kasi. Breki nazo zina kazi hiyo hiyo ya ziada.

Rimu za bei nafuu hutengenezwa kwa kumimina aluminiamu iliyoyeyushwa kwenye kalibu. Aina ya pili humiminwa vile vile, kisha ukingo wake hubanwa kwa roli huku ukizungushwa, ukawa mwembamba lakini imara.

Aina ya tatu ni ya kufuliwa. Pande la aluminiamu hushindiliwa kwa mashine yenye nguvu kubwa mpaka lipate umbo. Hizi ndizo zinazoweza kuwa nyepesi zaidi bila kupoteza uimara, na bei yake inauma.

Maarufu kati ya hizo ni TE37 ya kampuni ya Rays ya Japan, iliyotoka mwaka 1996. Namba 37 inatokana na kilo 3.7, uzito wa rimu ya inchi 15 yenye upana wa inchi 6. Ukinunua ya inchi 18, usitegemee kilo hizo.

Kwa hiyo muulize muuzaji uzito wa saizi unayoitaka. Akikosa jibu, omba mizani. Pima pia rimu yako ya zamani bila tairi, ulinganishe.

Kushuka saizi nako kunasaidia. Altezza yenye rimu za inchi 17 huvaa tairi 215/45. Ukifunga inchi 16 na tairi 205/55, kimo cha gurudumu kinatofautiana kwa chini ya milimita 7, lakini ubavu wa tairi unaongezeka kutoka milimita 97 hadi 113. Kwa barabara zenye mashimo huo ni ulinzi mkubwa. Hakikisha tu kwamba rimu haigusi breki.

Vipimo vingine visikosewe. Altezza ina nati tano, kipimo 5x114.3, na tundu la katikati la milimita 60.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi inahitaji ringi ya kuziba nafasi, la sivyo usukani unaweza kutetemeka.

Angalia na nati zenyewe. Nati za rimu asilia za aloi za Toyota nyingi zina washa bapa, wakati rimu nyingi za kununua zinataka nati zenye ncha ya mteremko. Ukichanganya, nati hazikai sawasawa na gurudumu linaweza kulegea.

Kisha soma uzito ambao rimu inaweza kubeba. Kama ekseli inaruhusiwa kubeba kilo 1,000, kila rimu lazima iweze kubeba kilo 500 au zaidi. Tafuta alama ya JWL, kiwango cha Japan, na VIA inayoonyesha kuwa rimu imethibitishwa na wakaguzi wa nje ya kiwanda. Lakini alama nazo hughushiwa, hivyo nunua kwa wakala anayejulikana.

Ukinunua iliyotumika, igeuze uangalie upande wa ndani. Ukiona ufa au sehemu iliyochomelewa, iache.

Kwa walioko Uingereza, mjulisheni mwenye bima kabla ya kufunga rimu mpya. Ukinyamaza, siku ya ajali anaweza kukataa kulipa.

Ushauri wetu ni kwamba kama pesa haitoshi kununua rimu halisi, baki na za kiwandani na pesa hiyo nunua tairi nzuri. Rimu nyepesi ya bandia inaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo mkali, na ndani ya gari hauko peke yako.