Nyumba ya Mkuu wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick

Katika Kanisa la Anglikana, mkuu wa kanisa kuu ni kasisi anayelisimamia kanisa lenye kiti cha askofu, akishirikiana na baraza la makasisi waitwao makanoni; na katika karne ya 18 cheo hicho kiliambatana na nyumba, mapato ya ardhi na zaka, na mahali pengine mamlaka juu ya wakazi wa eneo lililolizunguka kanisa. Jonathan Swift, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua zaidi kwa Safari za Gulliver, alishika cheo hicho katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick mjini Dublin, Ireland, tangu mwaka 1713 hadi alipofariki mwaka 1745, na kwa miaka yote hiyo 32 nyumba ya mkuu haikuwa na mke anayetambuliwa wala mtoto.

Ukoo wake wenyewe ulikuwa umetawanyika mapema. Baba yake, Mwingereza aliyehamia Ireland, alikufa miezi kadhaa kabla Swift hajazaliwa tarehe 30 Novemba 1667, na Swift mwenyewe alikuja kuandika kwamba yaya wake alivuka naye bahari angali mchanga hadi Whitehaven, Uingereza, bila mama yake kujua, wakakaa huko karibu miaka mitatu. Mama, Abigail Erick, alirudi kwao Leicester na kumwacha mtoto kwa ami yake Godwin, aliyemsomesha na ambaye hakupata shukrani nyingi kwa hisani hiyo. Dada yake wa pekee, Jane, alipoolewa na mtengeneza ngozi mwaka 1699, Swift alichukia, ingawa baadaye alimpa posho.

Jamaa aliowachagua ndio waliokaa naye. Akiwa katibu wa mwanadiplomasia Sir William Temple huko Moor Park, katika jimbo la Surrey, alimkuta mtoto wa kike aitwaye Esther Johnson, akashiriki katika kumfundisha kusoma na kuandika, na baadaye akampa jina la Stella. Mwaka 1701 Stella, pamoja na mwenzake Rebecca Dingley, alihamia Dublin kwa ushauri wa Swift, kwa hoja kwamba huko akiba yao ndogo ingezaa riba zaidi na maisha yalikuwa nafuu. Tangu hapo utaratibu ulikuwa mmoja: Swift akisafiri, wanawake hao huweza kukaa nyumbani kwake, akirejea, hurudi kwenye vyumba vyao vya kupanga. Uvumi kwamba walifungishwa ndoa ya siri na Askofu wa Clogher mwaka 1716 haujawahi kuthibitishwa kwa hati, na ubishi juu yake umewachosha waandishi kuliko unavyostahili. Mwanamke wa pili, Esther Vanhomrigh, aliyemfuata Ireland kwa mapenzi ya wazi, alifariki mwaka 1723, na katika wosia wake jina la Swift halikuwemo.

Stella alifariki Jumapili, tarehe 28 Januari 1728. Habari ilimfikia Swift kwa karatasi aliyoletewa na mtumishi saa mbili usiku, naye usiku uleule akaanza kuandika wasifu wa marehemu. Maziko yalifanyika usiku wa Jumanne ndani ya kanisa kuu, hatua chache kutoka nyumbani kwake, lakini hakwenda. Aliandika kuwa maradhi yamemzuia, na kwamba saa tatu ya usiku huo alikuwa amehamia chumba kingine, kwa kuwa dirisha la chumba chake cha kulala lilitazamana na kanisa naye hakutaka kuuona mwanga wa taa mle ndani.

Nje ya nyumba, jamii yake ilikuwa wafumaji na wachuuzi wa mitaa ya jirani, ambao aliwakopesha fedha kidogo kidogo bila riba. Alipoandika mwaka 1724, kwa jina la kubuni la muuza vitambaa, barua za kupinga sarafu za shaba ambazo Mwingereza William Wood alipewa kibali cha kuzitengeneza kwa ajili ya Ireland, serikali ilitangaza zawadi ya pauni 300 kwa atakayemtaja mwandishi, na ingawa Dublin nzima ilimjua, hakuna aliyemtaja. Mtumishi wake, Alexander McGee, alipofariki mwaka 1722, Swift alimwekea kibao cha kumbukumbu ndani ya kanisa. Inasimuliwa kwamba alitaka kujiandika humo kuwa rafiki na bwana wa marehemu, hadi mtu mmoja wa tabaka lake alipomshawishi aliondoe neno rafiki.

Uzeeni, ugonjwa wa sikio la ndani uliomletea kizunguzungu na uziwi tangu ujanani ulimzidi, na mwaka 1742 tume ilimtangaza kuwa hawezi tena kujisimamia. Martha Whiteway, binti wa ami yake, alikuwa miongoni mwa waliomtunza. Sehemu kubwa ya mali yake, zaidi ya pauni 10,000, ilikwenda kujenga hospitali ya wagonjwa wa akili, iliyofunguliwa mwaka 1757 na ambayo ingali ikifanya kazi. Katika wosia wake aliagiza azikwe kanisani mwake, kwa faragha kadiri iwezekanavyo, saa sita ya usiku. Kaburi lake na la Stella yako chini ya sakafu moja.