Mvua Ikinyesha Moyo Unadunda: Mbona?

Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilifunika Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Kijana aliyeponea chupuchupu anaweza kushtuka hadi leo mvua kubwa ikianza. Je, huo ni uoga? Hapana!

Watafiti wa saikolojia humwomba mtu aliyekubali asikilize simulizi ya yaliyompata, huku wakipima mapigo ya moyo na jasho la viganja. Kwa wengi wenye jeraha la moyoni, mapigo hupanda ingawa wamekaa tu kitini. Mwili hujihami kabla akili haijakumbuka kwamba hatari imepita.

Basi rafiki akitetemeka, usimcheke! Kaa naye, avute pumzi taratibu. Mwezi ukipita bila nafuu, mwoneni mwalimu wa malezi au mganga wa zahanati.